Kibuyu Chako Kilichotundikwa Barazani

Mama Daudi, mke wangu,

Naandika nimesimama. Nikikaa tu nanyanyuka, na nikinyanyuka nasogeza kitu. Tangu uondoke na mtoto kwenda kwenu Issuna, kitanda nimekihamisha mara nne: dirishani, nyuma ya mlango, upande wa jirani, na leo, baada ya ibada, nimekirudisha pale ulipokiweka wewe. Hata hapo naona hakikai sawa. Ungekuwepo ungenicheka na kusema lile neno lako, "Baba Daudi, unapanga nyumba kama mtu aliyepoteza sindano."

Unakumbuka mwezi wetu wa kwanza hapa Mandewa? Ndiyo kwanza nilikuwa nimepewa kazi ya kuandaa nyumba za wazungu kule bomani. Mmoja akihamishwa, mimi naingia na zulia, mapazia na viti, naipamba nyumba mpaka mgeni akishuka garini aone kama ilikuwa inamngoja yeye tu. Sementi ikipasuka, natandika mkeka juu ya ufa. Ukuta ukiingia doa la mvua, natundika picha hapo hapo. Nikajiona fundi kweli kweli. Nikauleta ufundi huo nyumbani, nikaweka kitanda katikati ya chumba kama kwao, nawe ukaingia na ugali, ukajikwaa, kuku wakala chakula chetu. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Kisha ukakisukuma kitanda ukutani, ukachanganya udongo na majivu, ukausiriba ukuta wote kwa kiganja. Alama za vidole vyako bado zipo. Wiki hizi nimezipitishia mkono sana.

Kando ya mlango ulipigilia kigingi, ukatundika kibuyu cha maziwa alichokupa mama yako siku ya harusi. Nilikuwepo alipokukabidhi. "Alikuwa nacho mama yangu," alisema. "Wanao watakunywa humu." Na Daudi akanywa, ukimfuta povu mdomoni kwa kidole. Mambo haya nayajua. Siwezi kusema sikujua thamani yake.

Sasa nisikilize. Nilikuambia memsabu, mke wa Bwana Shauri mkuu wa boma, alipita hapa na gari, akakipenda, akakichukua. Hakuna mzungu aliyekanyaga hapa. Nilikipeleka mwenyewe.

Baraza la memsabu lilikuwa tupu. Alitaka kitu cha kutundikia maua, na sokoni vyungu vilikuwepo tele. Lakini mimi nilikumbuka kibuyu chako, mdomo wake mpana, rangi yake ya asali iliyoletwa na mafuta na moshi wa miaka mingi, nikajua hakuna kitakachopendeza pale kama hicho. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kusifiwa.

Maua hayataki maji yatuame, kwa hiyo chini lazima patobolewe. Nilipasha msumari kwenye moto wako, kwenye mafiga yako, wewe ukiwa nje unapepeta mtama. Msumari ulipozama ikatoka harufu ya maziwa yaliyoungua. Ukauliza kutoka uani, "Nini kinaungua humo?"

Nikajibu, "Kuni mbichi."

Nilitoboa matundu matatu. Memsabu alipiga makofi. "Hii mzuri sana! Wewe fundi!" Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi, Mungu anisamehe.

Njia ya mwongo ni fupi. Uliuliza, "Gari la mzungu lije Mandewa, watoto wote wasilikimbilie?" Nikakasirika, kama afanyavyo mwenye kosa. Ndipo ukasema, taratibu kabisa, "Niapie." Nikaapa kwa jina la Daudi, naye amelala mgongoni kwako. Asubuhi ulikuwa umefunga nguo zenu. Nilidhani umeniacha kwa ajili ya kibuyu, na nikawa nalalamika moyoni kwamba kibuyu ni kibuyu tu. Leo naelewa kilichokutoa ni kile kiapo.

Wiki iliyopita yule memsabu alihamishwa. Alichukua masanduku kumi na mbwa wawili, kibuyu akakiacha kinaning'inia na ua lililokauka. Niliandaa nyumba kwa ajili ya wageni wapya. Bibi mpya alitazama baraza, akanyoosha kidole. "Boi, tupa hii takataka."

Nilikitungua, nikakileta nyumbani chini ya koti. Nimekiosha. Nimeyaziba matundu kwa nta ya nyuki, nikatia maziwa, nikakaa nakitazama. Yalitulia kidogo, kisha tone likaning'inia chini, likaanguka, likafuata jingine. Nimerudia mara tatu. Mimi ninayejua kuficha nyufa za kila nyumba pale bomani, hiki kimenishinda. Nikalia, Mama Daudi. Nakuambia kwa sababu nimechoka kutokukuambia.

Nimekukumbuka mpaka mikono haitulii. Namkumbuka mtoto. Ninaogopa amenisahau, na ninaogopa zaidi kile kiapo cha uongo nilichoapa kwa jina lake kisije kumdhuru.

Jumamosi nitakuja na lori la mtama. Nitashuka pale sokoni kwenu, siku ya gulio watu wakiwa wamejaa. Nitamwamkia mama shikamoo, kisha nitamwambia yeye na wewe pamoja ni nani aliyekitoboa, na nitakifuta kile kiapo mbele ya Daudi. Kurudi nami au kubaki, utaamua wewe. Sitakushika mkono.

Kibuyu nitakileta. Jana nilikuwa nimeshatoa kile kitambaa cheupe cha harusi nikifungie, kipendeze njiani. Nimekirudisha kitambaa sandukuni. Nitapita gulioni nimekishika kibuyu mkononi, chini kukiwa juu, na kila mtu ayaone matundu.

Mumeo,
Baba Daudi