Nilisafisha Injini ya Bwana kwa Siri, Sasa Inaimba na Mimi Naogopa

Mpendwa Yaya Noëlla, dada yetu wa redio, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla sijamaliza, maana hapa naandika kwa furaha na kwa woga pamoja, hata sijui kipi kimezidi. Ukisoma barua hii redioni, jina langu lifiche.

Mimi ni mama mwuza samaki hapa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, kwetu ni Pweto, ng'ambo upande wa Congo, na bwana wangu amebeba mizigo kwa boti kati ya hapa na Kilwa ya huko huko Congo tangu sijamjua, na kwa mashine za boti hakuna anayemfikia, anaweza kuzifungua na kuzifunga huku anazungumza na wewe bila kuangalia. Sasa Yaya, wewe unajua mashine ya boti ilivyo, mafuta ya kulainisha unayachanganya ndani ya petroli, yanaungua pamoja, yanaisha, unachanganya mengine, hakuna siku utamwona mtu anamwaga mafuta machafu kutoka kwenye boti. Basi tulipounganisha jasho letu tukanunua gari, Noah, ile ya rangi ya maziwa, bwana akaitunza hivyo hivyo, yaani mafuta yakipungua anaongeza, yakipungua anaongeza, lakini kuyamwaga, hata siku moja! Nikimwuliza ananijibu kwa Kiswahili chake cha Congo, injini anaiita moteri, “Bibi, moteri ni moteri. Mafuta njo ya kuongeza, haiko ya kumwanga. Weye ulisha kuona mutu anamwanga mafuta ya boti?” Nami narudi kwenye samaki wangu, maana ninachojua mimi ni samaki.

Lakini gari likaanza kuugua. Asubuhi linagonga ko-ko-ko kama mtu anayebisha mlango, njia ya Chienge linavuta kwa shida, moshi nao usiseme. Siku moja nikafungua kile kifuniko cha juu cha injini nichungulie, Yaya, nilikuta tope jeusi linanata kama bukari, yaani ugali, ulioungua chini ya chungu! Nikampigia binamu yangu Guylain, anauza vipuri Mansa, akanitumia kwa minibasi kopo la dawa ya kusafisha injini, filta mpya, na galoni la mafuta ya sintetiki, akanieleza vizuri kabisa: tia dawa ndani ya mafuta ya zamani, washa, acha iungurume robo saa bila kutembea, zima, kisha mwaga kila kitu kingali moto, badilisha filta, tia mafuta mapya.

Nikangoja bwana aende Kilwa. Nikatia dawa, nikawasha. Mwanzoni ko-ko-ko yake ile ile, halafu kidogo kidogo, Yaya, nakuapia, kelele ikaanza kulainika, ikapungua, ikapungua, mpaka ikawa inaimba! Nilipiga vigelegele peke yangu uani, kuku wakakimbia. Nikazima, nikaenda kutafuta beseni la kumwagia yale mafuta, na niliporudi namkuta nani? Bwana! Ziwa lilichafuka, akageuza njiani, na kwa sababu boneti ilikuwa wazi alikuwa ameshawasha gari aone lina nini. Nimesimama na beseni mkononi, yeye akaninyooshea kidole. “Sss! Sikia! Motoka imepona! Minasemaka kila siku, moteri ukiiongezea mafuta bila kuisumbua, itapona yenyewe!”

Akacheza, Yaya. Na suruali yake iliyolowa maji ya ziwa, alicheza pale uani, na mimi sijamwona akicheza tangu watoto wakiwa wadogo. Akanivuta ndani ya gari, tukaenda mpaka Kashikishi hapa jirani madirisha wazi, lilivyokuwa linavuta ni kama limetoka kiwandani, na mimi nikacheka naye njia nzima nikasahau kabisa beseni. Tangu siku hiyo mume wangu ni mtu mwingine, ananisalimia kwa wimbo, anawaita wenzake wa boti waje kusikiliza, anafungua boneti anawafundisha wote wasimwage mafuta kamwe.

Nami bado sijasema. Dawa iko mle mle ndani pamoja na uchafu wote, mafuta mapya na filta nimevificha chini ya gunia la chisense, maana hivyo visamaki vyenye harufu bwana hagusi, na tangu jana kile kitaa chekundu cha mbele ya usukani chenye alama ya birika kinawaka na kuzimika tukifunga breki. Nilimwonyesha, akasema, “Hiyo taa ni ya mapambo tu.” Jumamosi tunakwenda Mansa, binti yetu Stéphanie amepata mchumba wa kabila la Wabemba, na ni ile desturi yao ya chilanga mulilo, wazazi wa binti wanabeba vyungu vya chakula kumwonyesha mkwe namna kwao wanavyopika. Akina tantine wote, yaani mashangazi, na vyungu vyote wanapanda Noah yetu.

Sasa nifanye nini? Nikisema, nitaizima ile furaha na kumwaibisha mbele ya wenzake wa boti. Nikinyamaza, naogopa gari litakufa, na gari hilo ndilo linalobeba samaki wangu, tukilikosa tumekwisha. Au niongeze kopo la pili la dawa, kwa vile la kwanza limefanya maajabu namna hii?

Ni mimi, mama mwenye furaha na woga, Nchelenge.

*

Mama, barua yako imefika jana, na nimeipitisha mbele ya barua zote za hapa redioni, wenye ugomvi wa mawifi wanisamehe, watangoja. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini Noah ya maziwa, binti Stéphanie, posa ya Mansa na bwana wa boti za Kilwa nitavificha wapi? Kashikishi nzima imeshakujua kabla sijafika katikati.

Kwanza nikupe haki yako. Umeona ugonjwa, umetafuta dawa, umeuliza anayejua. Wangapi wanasikia ko-ko-ko na kuongeza sauti ya redio? Hapo nakupigia makofi. Na nimecheka sana kwa wale kuku.

Sasa nikugombeze. Guylain alikwambia mambo mawili, kutia na kumwaga, nawe umeshika la kwanza ukaacha la pili. Dawa hiyo si ya kubaki ndani! Imelegeza lile tope, na tope lililolegea halipotei, linaelea, linashuka chini na kuziba kichujio ambacho injini hunywea mafuta yake. Na yale mafuta yenyewe sasa yamekuwa mepesi na machafu. Kile kitaa cha birika maana yake ni kwamba mafuta hayapandi vizuri. Injini yako inaimba, ndiyo, lakini inaimba na kiu. Siku itakapokauka kabisa haitagonga ko-ko-ko, itakwama mara moja na kusimama, nawe utauza samaki wote wa Mweru bila kupata bei ya nyingine.

Kopo la pili? Thubutu! Dawa ikizidi kipimo ni sumu. Usiongeze hata tone.

Unachofanya ni hiki, na ni leo, si Ijumaa. Gari lisitembee tena. Mwite fundi aje hapo nyumbani, amwage mafuta yote, na kwa sababu kitaa kimeshawaka, afungue sinia ya chini ya injini, pale mafuta yanapokaa, asafishe kile kichujio kwa mkono. Mwambie asikubali kuruka kazi hiyo hata mkimbembeleza. Filta mpya, kisha mafuta ya kawaida ya bei nafuu ya kusuuzia, mwendo mfupi mfupi hapo mjini, halafu mmwage tena na kubadili filta tena. Hapo ndipo utie yale ya sintetiki ya Guylain. Hayo yana sabuni yake ndani, yataendelea kula uchafu uliobaki taratibu, safari kwa safari, bila kuuporomosha wote kwa mpigo. Mara za kwanza myamwage mapema kuliko kawaida, maana yatachafuka haraka. Mafuta machafu msiyamwage ziwani, samaki hao ndio tunaowala.

Na Mansa? Kitaa kikikaa kimya na kijiti cha kupimia kikionyesha mafuta ya kutosha, nendeni. Kikiwaka hata mara moja, akina tantine na vyungu vyao wapande minibasi. Mkwe atakula chakula, hatakula Noah.

Umebaki moyo wako. Unaogopa kuizima furaha ya bwana. Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukinyamaza furaha hiyo itazimika hata hivyo, tena porini, mbele ya wakwe. Na wale wenzake wa boti wenye magari, anaowafundisha wasimwage mafuta, watayaua na yao. Mwambie leo, ndani, nyinyi wawili, bila kumwita mjinga, kwa sababu si mjinga. Amefuata sheria ya boti, na kwa boti sheria hiyo ni sahihi. Mweleze tu kwamba kwenye gari mafuta hayaungui na petroli, yanabaki ndani yanazunguka na kubeba uchafu, kama maji ya kuoshea vyombo. Mtu aliyeoga maji hayo hayo tangu mliponunua gari angenukaje? Ataelewa kabla hujamaliza.

Hayo nimekwambia wewe. Lakini nimefanya hesabu nyingine: ni saa kumi jioni, na saa hii mwanaume mwenye gari linaloimba hayuko nyumbani. Yuko njiani, dirisha wazi, redio juu. Basi niruhusu niongee naye kwa Kiswahili chake.

Papa, ni weye nakuambia, weye wa Noah ya maziwa. Angalia mbele yako, ile taa nyekundu. Haiko ya mapambo, Papa. Simama pembeni. Zima moteri. Voilà. Bibi yako njo aliponyesha hiyo motoka, peke yake, kwa mikono yake, na akanyamaza juu ya vile alipenda kukuona unacheza. Usimukasirikie. Acha motoka pale pale, rudi kwa mguu, umuambie aksanti, na umuulize beseni iko wapi.