Kola ya Ukurasa wa Mia na Moja

Kamembe, Rusizi
Jumanne asubuhi

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Anastase,

Nakusalimu sana, wewe pamoja na wifi yangu Mukansanga na binti yenu Cyusa. Natumaini baridi ya huko Nyamagabe haijawaonea, na kile kikohozi chako cha mwezi uliopita kimekwisha. Sisi huku tu wazima. Goti la Maman limepata nafuu, sasa anakwenda kanisani bila fimbo. Yeye anawaambia watu kwamba ni hatua elfu mbili. Nimezihesabu mwenyewe nyuma yake: ni mia sita na arobaini, lakini nimemwachia elfu mbili zake, maana anazipenda. Anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri.

Dawa zake ulizozituma kwa basi zimefika, na bahasha yako pia. Sikutaka kukujibu kwa simu. Kwenye simu wewe unasema, mimi nakasirika, halafu nakata, na mwezi mzima unapita. Hapa kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Nilikutumia orodha ya vitabu themanini na vinne. Umeirudisha na vitabu hamsini na vitatu. Thelathini na kimoja umevipiga mstari kwa biki nyekundu, kama vile mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, na pembeni umeandika: "Pima nguo, usipime akili za watu." Maneno haya nimeyasoma nikiwa na sindano mdomoni, Yaya. Bahati yangu sikuimeza.

Nianze mwanzo, kwa sababu naona kazi yenyewe hukuielewa. Chama chetu cha mafundi na wachuuzi wa Kamembe kimepata chumba cha kufanya maktaba, ukuta kwa ukuta na atelye yangu ya kushonea. Muuza vitabu mmoja wa Kigali alituletea vitabu mia mbili na kumi na viwili, akatuachia miezi miwili tuvisome, tuchague themanini na vinne, vingine avirudishe. Masanduku yaliwekwa kwangu kwa sababu paa langu ndilo pekee lisilovuja. Basi, aliye na masanduku ndiye aliyeambiwa achague. Mwenyekiti wetu, Mzee Twagirayezu, yule muuguzi mstaafu, alikubali, lakini akasema kwamba orodha ya fundi nguo itachekwa. Heri itiwe sahihi na msomi. Akakumbuka kwamba nina kaka ambaye ni mkuu wa masomo. Mimi nikamwambia hakuna shida, kaka yangu atasaini. Nilisema hivyo mbele ya watu kumi na mmoja.

Sasa usikie jinsi nilivyopima. Ndiyo, nilipima.

Atelye ina mashini sita. Wanaoshona hawawezi kushika kitabu, kwa hiyo mmoja wetu anakaa kwenye benchi anasoma kwa sauti kurasa tatu za kwanza, na sita wanaendelea kukanyaga pedali. Mimi natazama miguu. Mdomo wa muntu unaweza kukudanganya. Utamwuliza kama kitabu ni kizuri, naye atasema kizuri sana, Maman, kwa sababu wewe ndiwe unayempa kazi. Lakini mguu ukisimama, umesimama. Kitabu kikisimamisha mashini nne au zaidi, kinaingia. Kikisimamisha moja, mbili au tatu, kinasomwa tena siku nyingine na msomaji mwingine. Kisichosimamisha hata moja kinarudi Kigali, hata kama kina jalada la dhahabu. Wiki saba tumefanya hivyo. Sare za shule zilichelewa siku nne, na wazazi walinitukana, nikawakalisha kwenye benchi nao wakasikiliza.

Vile vya kazi, vya ugonjwa wa migomba, vya uzazi, vya sheria ya ardhi, hivyo niliviingiza bila kuuliza pedali, maana watu wanavihitaji. Hivyo wewe hukuvipiga mstari. Lakini hata mimi nilikosea hapo mwanzo. Niyonsaba, anayeshona kwenye mashini ya tatu, mume wake ni mkulima huko Nzahaha. Nikampelekea kitabu cha kilimo cha mihogo, nikijua nimempendeza. Kilirudi kesho yake. Niyonsaba alicheka mpaka akashika mbavu, akaniambia mume wake ameuliza hivi: "Asubuhi niko na muhogo, mangaribi niko na muhogo, na Maman ananituma tena muhogo ya kusoma?" Akataka kile cha mfalme anayepanda farasi wa moshi. Mwanaume wa miaka hamsini, ana mashamba mawili, amekisoma mara mbili, na sasa majirani zake watatu wanangoja zamu. Hicho umekipiga mstari. Ni cha kumi na saba kwenye orodha.

Tuje kwenye vile kumi na viwili vya watu wanaodai haki zao, ambavyo umeviita kelele. Kimoja ni cha wanawake wa soko fulani waliokaa chini mbele ya ofisi mpaka wakapewa maji. Siku tulipokisoma, mashini zote sita zilisimama, na Mzee Kamali, mshona viatu wa mlango wa pili, akaingia na kiatu cha mtu mkononi akakaa. Kilipofika ukurasa wa tatu hakuna aliyekubali tufunge. Siku mbili baadaye Niyonsaba akauliza, kwa sauti ya muntu anayeuliza saa, kwa nini choo cha jengo letu kinafungwa saa tisa na sisi tunatoka saa kumi na mbili. Tukaandika barua kwa mwenye jengo. Majina kumi na saba. Mzee Kamali aliandika lake polepole kama anachonga, akasema ana miaka sabini na moja na hii ndiyo karatasi ya kwanza anayosaini ambayo haimwambii amekosa. Mwenye jengo alitujibu kwa adabu, na ufunguo sasa unakaa kwetu. Kelele ilikuwa wapi hapo? Mimi nimesikia mlango tu ukifunguliwa.

Na vya watoto nilivipima namna nyingine. Watoto wakitoka shule wanawangojea mama zao kwangu. Nilikuwa nasoma, nakatisha katikati, najifanya natafuta uzi. Halafu nahesabu ni mara ngapi wataniuliza, "Na kisha?" Kitabu cha adabu za mezani kilipata sifuri. Kile cha msichana mwenye dada ndani ya kioo kilipata kumi na nne, na Izabayo, bintiye Niyonsaba, alinifichia mkasi ili nisirudi kazini. Maman yake alimgombeza, akamwambia batoto ba siku hizi banalilia kitabu kuliko chakula. Alisema vile kwa hasira, lakini alikuwa anatazama pembeni asicheke.

Ndivyo hivyo themanini na vinne, Yaya. Arobaini vya watoto, arobaini na vinne vya wakubwa. Mtu mmoja anataka kujua mgomba wake unakufa na nini, na jioni ileile anataka farasi wa moshi, na kesho anataka kujua wengine walidai vipi haki yao. Ni mtu mmoja huyo huyo. Ukimpa rafu ya vitabu vya aina moja atakuja mara moja. Thelathini na kimoja nimevirudisha vyote kwenye orodha mpya, iko ndani ya bahasha hii. Sikukuomba ruhusa, na Jumamosi nitaitetea mbele ya kamati ya chama hata kama hutaitia sahihi. Jumatatu muuza vitabu anakuja kuchukua visivyochaguliwa. Kama kamati itafuata biki yako, hivyo thelathini na kimoja vitapanda gari, na Izabayo atakuwa amesikia nusu ya hadithi.

Ningeweza kuishia hapa. Barua ingekuwa nzuri na mimi ningekuwa na haki. Lakini nimehesabu mistari yako. Vile kumi na viwili vya haki umevipiga mstari mmoja mmoja. Vile kumi na tisa vya mambo ya ajabu umevipiga miwili miwili, na kwenye viwili karatasi imechanika. Nikaweka biki chini. Nikajua mkono ule umejifunzia wapi hasira hiyo, na aliyeufundisha si Papa, baba yetu, kama unavyodhani.

Unakumbuka kitabu kile cha tulipokuwa tunaishi Bukavu, kisicho na jalada. Mwalimu wako alikuazima, wewe una miaka kumi na mitatu, mimi kumi. Mimi nilikwisha kutolewa shule, wewe unaendelea, na kila siku ukirudi ulinisomea nyuma ya nyumba, mimi nikichambua maharage. Kilikuwa cha msichana aliyechunga kundi la ukungu, aliyelipeleka ziwani kila asubuhi kunywa maji, akapoteza ukungu mmoja, ule mdogo kuliko mwingine wote. Ulifika ukurasa wa tisini na sita. Zilibaki kurasa sita. Ukasema tuzitunze mpaka Jumapili.

Mimi sikuweza kungoja. Asubuhi ya Ijumaa, wewe ukiwa shuleni, nilikitoa chini ya godoro lako, nikazisoma kurasa sita kwa kidole, neno moja moja, mpaka saa sita mchana. Na nilipomaliza, Yaya, nilifanya kile nilichokuwa ninafundishwa. Wakati ule nilikuwa najifunza kushona kwa Maman jirani, na pale karatasi yote iliyokwisha kusomwa, gazeti, kalenda, barua ya zamani, ilikatwa kuwa patroni, kielelezo cha kukatia nguo. Ndiyo kazi ya karatasi ikishasomwa. Nilidhani kwa vile mimi nimekimaliza, kimekwisha. Nilikata majani matatu ya mwisho: pande mbili za kola, na mfuko mmoja. Maman jirani akanisifu kwa mkato safi. Wewe uliporudi na kuinua godoro, ndipo nikaelewa. Kilichobaki nilikuwa nimekiacha kwa Maman jirani; kwa woga nikaenda nikakitupa kwenye shimo la choo, nisikuambie.

Ulipigwa wewe kwa kukipoteza. Mwalimu hakukuazima kitu tena mwaka ule, na Papa akasema kwamba hadithi za uongo ndizo zilizokuletea fimbo, zisiingie tena nyumbani kwake. Wiki nzima uliniuliza kama ninafikiri ukungu ule ulipatikana. Nilijibu sijui. Kisha hukuuliza tena, wala hukusoma tena kitu cha namna hiyo, na sasa unawakataza wanafunzi wako na Cyusa. Miaka thelathini na sita nimekuwa nikilalamika kwamba wewe ulipewa shule na mimi nikapewa sindano. Ni kweli, na bado nalalamika. Lakini hesabu ina upande wa pili na sikuwahi kuuandika.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha karatasi ya njano. Ni upande mmoja wa kola, ukurasa wa mia na moja, na nyuma yake wa mia na mbili. Umekaa ndani ya kopo langu la vifungo tangu siku ile. Tuliporudi Rwanda ulivuka nami. Karibu magauni mia nne ya watoto yamekatwa kwa kola hiyo, hata gauni la ubatizo la Cyusa. Ulilishika wewe mwenyewe kanisani, ukasema shingo imekaa vizuri. Mimi nilitoka nje nikijifanya nina mafua.

Mkato wa shingo umekula maneno ya katikati. Nimeyaandika pembeni kwa penseli, maana ninayajua kwa moyo. Ukungu ule mdogo haukupotea. Msichana alizunguka ziwa lote akiutafuta, kumbe alikuwa ameubeba mgongoni mwake siku zote, akidhani ni baridi tu.

Nisamehe, Yaya. Nilipaswa kukuambia ile Ijumaa.

Soma kipande hicho kwanza, kisha ufungue orodha. Ukisaini, mpe dereva wa basi la Ijumaa asubuhi. Usiposaini, Jumamosi nitasimama bila wewe, na nitasimama vizuri. Sitaki usaini kwa sababu nimelia. Sijalia, nina sare ishirini na mbili za kumaliza.

Maman anakusalimu mara ya pili, Niyonsaba na Mzee Kamali wanakusalimu bila kukujua. Msalimie wifi yangu, umbusu Cyusa, umwambie shangazi yake ana rafu ambayo mlango wake haujafungwa. Mungu awalinde wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,

Mukakalisa

Tena: kola usinirudishie. Nimekwisha kuichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kazi haitasimama. Hiyo ilikuwa yako ya kusoma, mimi nilikuwa nimeishika tu.