Mlango Uko Upande Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Duka limefunguliwa mapema. Nimeuza dawa ya kupe na chumvi ya ng'ombe, basi. Mchana Nashipae akapita akitoka uwanja wa ndege ndogo, shati jeupe, mistari mabegani. Amepata leseni. Nilimzaa mimi. Anataka niwe abiria wake wa kwanza, twende hadi Kajiado na kurudi. Lakini kwanza nijifunze kutoka ndege ikianguka. Nimekubali kabla sijaogopa.

Jumatano, 5 Machi
Nimeketi ndani ya ndege. Ikiwa chini, imezimwa. Ni ndogo kuliko pikapu. Nilitemea gurudumu mate ya baraka. Fundi akaja na kitambaa, akapangusa.

Mlango ni mmoja tu, na uko upande wangu. Rubani hana wake. Nisipotoka mimi, Nashipae hatoki. Nimeogopa sana.

Nashipae amenielekeza: injini ikizimika angani, nifungue mlango kidogo kabla ya kugusa ardhi, niweke kiatu hapo, maana bati likijikunja mlango hukwama. Ndege ikisimama: mkanda, bawa, niende nyuma, mbali na propela. Nisimngoje mtu.

Tumejaribu. Kila mara mkono wangu unaenda kwenye mkanda wa Nashipae kwanza.

"Yeyo, wachana na mimi. Toka."

Nimekasirika. Yeyo maana yake mama. Mama gani hutoka kwenye nyumba inayoungua akamwacha mtoto ndani?

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshindwa tena. Mwalimu wake wa urubani amesema wazi: nisipojifunza, siendi. Ana haki. Simpendi.

Nyumbani nimepanga viti viwili vya plastiki. Shuka ndiyo mkanda. Kiti cha pili, gunia la chumvi. Jioni nzima nimekuwa nikitoka na kuliacha gunia. Jirani alichungulia, akaondoka bila salamu.

Jumanne, 11 Machi
Leo nimetoka bila kumgusa. Mwalimu akapiga makofi. Nilienda chooni nikalia.

Jumamosi, 15 Machi
Tumeruka. Sijui niandikeje. Machimbo ya mawe ya Kitengela yalikuwa vishimo tu. Ng'ombe wa watu, punje za mahindi. Milima ya Ngong, ambayo maisha yangu yote imekuwa mikubwa, ilikaa pale chini kwa adabu. Sikujua kwetu ni pazuri hivi. Nashipae anagusa usukani kidogo na dunia nzima inalala upande. Mtoto wangu. Nilisahau hata kuomba.

Karibu na Kajiado injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza. Upepo tu.

Nikamtazama. Ule uso sijawahi kuuona. Hofu alikuwa nayo, lakini alikuwa ameiweka kando, anatafuta uwanda usio na uzio wala miti. Akauona.

"Yeyo, mlango."

Nikafungua. Kiatu. Vumbi likaingia.

Tulidunda. Tukadunda tena. Gurudumu la mbele likavunjika, pua ikachimba udongo, tukasimama. Harufu ya petroli. Nikafungua mkanda wangu. Mkono ukaanza kwenda kwake. Nikaurudisha. Nikapanda bawa, nikashuka, nikaenda. Sikugeuka. Mguu mmoja peku, miiba, na mtoto wangu nyuma yangu ndani ya ile harufu. Kumzaa kulikuwa rahisi kuliko kule kutembea.

Nilipopita mkia nikageuka. Alikuwa nje tayari, anakimbia kuja kwangu. Ndege haikuwaka.

Jumapili, 16 Machi
Sikwenda kanisani. Nashipae amelala hapa mpaka jua likapanda. Mbavu zinamuuma kidogo. Nimetoa miiba iliyobaki mguuni mwangu. Wanawake wa kanisa wamepiga simu kuuliza kama nilimshika mtoto wakati wa kuanguka. Nikasema hapana. Wakabadilisha mazungumzo.

Nilichemsha chai ya maziwa. Alikaa jikoni, mikono kwenye kikombe. Kisha akasema neno ambalo sijawahi kusikia mtoto akimwambia mama yake.

"Yeyo, asante kwa kuniacha."

Nikamwongezea chai.