Unga wa Mama Yako

Nyasura,
Bunda.
9 Machi 2025

Mpendwa mpwa wangu Ghati,

Kabla ya yote, nina jambo juu ya marehemu mama yako ambalo nimelificha miaka arobaini na moja. Nitalisema humu humu.

Hujambo, na watoto hawajambo? Baridi ya Mbeya mmeizoea? Mimi nguvu zimekwisha. Daktari wa Musoma amesema nirudi nyumbani nipumzike, nami nimemwelewa. Pelagia, binti yangu, ananitunza vizuri.

Uliuliza kopo la mama yako la maandazi ni gramu ngapi, ili upime kwa mzani katika duka lako la mikate. Lilikuwa la nusu lita. Likijaa unga wa ngano usioshindiliwa, ni kama gramu mia mbili na sabini. Likijaa sukari, ni kama mia nne na ishirini. Kila kitu kina uzito wake, mwanangu. Kipime peke yake.

Mimi sikufanya hivyo. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu wa stoo katika shule ya bweni kule Butiama, na dada yangu Bhoke, mama yako, ndiye aliyekuwa mpishi. Mzani ukaharibika. Ugali wa siku ulitaka unga kilo sitini, nikamwambia achote makopo sitini ya lita moja. Lita ya maji ni kilo, nami nikauhesabu unga kama maji.

Akaniambia, "Kaka, sufuria hii naijuaga. Watoto hawatashiba."

Nikamjibu, "Wewe songa ugali, hesabu niachie mimi niliyesoma."

Wanafunzi walilala na njaa. Wakamwita Mama Nusu. Baada ya wiki mbili magunia karibu manne yakakutwa stoo yamezidi, ikasemwa anawapunja watoto ili auze unga. Kikao cha walimu kikamfukuza. Alirudi kijijini kwetu Mugeta kwa miguu, wewe ukiwa mgongoni.

Tangu hapo, kwenye misiba wanawake wenzake walimpa vitunguu akatie pembeni. Unga hawakumwachia aushike mpaka anakufa. Nilikuwa naliona hilo, nakula, naondoka.

Nisalimie mumeo Thadeo na watoto wote. Kaka yako Stanislausi na mama mdogo Ursula wasomee barua hii, kisha isomwe Mugeta mbele ya wale wanawake waliobaki. Mungu akulinde, aibariki kazi ya mikono yako.

Watu watasema mwalimu alikosea hesabu tu. Usiwakubalie. Siku moja kabla ya kikao nilipeleka kopo lile la lita moja dukani Musoma, nikalijaza unga, nikalipima. Mzani ulionyesha gramu mia sita. Asubuhi yake nikaingia kikaoni, na mkono wa kwanza kunyooshwa ili dada yangu afukuzwe ulikuwa wangu.

Akupendaye,
Mjomba wako Werema