Namna ya Kukaa na Protus

Mautuma,
12 Februari 1967

Kwa binti Jepchirchir, Nyumba ya Rehema, Kakamega.

Mulembe, binti yangu. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na wenzako wote hapo. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua nikiinama shambani. Mvua bado.

Siku ile nilipomleta Protus hatukuongea vizuri, kwa sababu mimi nililia na wewe ulikuwa na kazi ya kumzuia asifuate basi. Mzee Patroba, msimamizi wenu, aliandika kitabuni jina la mtoto wangu, miaka yake ishirini na tisa na dini yake, kisha akafunga kitabu. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona kwamba hakuniuliza kitu chochote cha maana. Kwa hivyo nakuandikia wewe, maana ndiwe utakayeshinda naye.

Protus si mwenda wazimu. Alizaliwa hivyo. Ukimwuliza kitu anakurudishia maneno yako mwenyewe. Ukisema "Umeshiba?" naye atasema "Umeshiba," na maana yake ni kwamba ameshiba. Asiposhiba ananyamaza. Obusuma, yaani ugali, anakula, lakini mboga ziwekwe kwenye sahani nyingine. Zikigusana na obusuma hatakula, wala hatakuambia kwa nini. Usimshike kichwani. Kabla ya kula anazungukanga boma lote mara moja. Mwache azunguke, atarudi mwenyewe. Kelele za ghafla zinamuumiza kama mtu aliyepigwa. Ukiona anauma mkono wake, usimkamate. Ondoa kelele.

Hatukumtupa, binti yangu. Tulipopewa shamba huku Lugari tukahama Khwisero, yeye hakuhama. Alirudi kule kwa miguu mara tatu, siku mbili njiani. Mara ya tatu watu wasiomjua walimkuta amelala katika kibanda chao wakampiga, wakidhani ni mwizi. Mimi ni mjane. Siwezi kulima na papo hapo kumlinda mwanamume mzima anayejua kutembea kiasi hicho.

Nakuomba jambo moja. Niandikie ukweli, hata ukiwa mbaya. Siku nitakayosikia mwanangu amefungwa kamba au amefungiwa mlango, nitakuja kumchukua.

Ni mimi,
Mama Protus


Kakamega,
20 Machi 1967

Mama yangu,

Chamgei. Hivyo ndivyo sisi Wanandi tunavyosalimiana, nami nakusalimu kwa lugha yetu kwa kuwa wewe umenisalimu kwa yenu. Pole kwa goti. Mimi ni mzima, na Protus ni mzima.

Umetaka ukweli, basi naanza na ubaya. Siku kumi na mbili za kwanza Protus hakulala kitandani. Alilala sakafuni nyuma ya mlango, viatu vyake kifuani. Alikula kidogo sana, nasi tukadhani ni huzuni. Barua yako ilipofika nilitenga mboga siku hiyo hiyo. Alizunguka ua, akaketi, akamaliza sahani zote mbili, akaongezwa. Kageha, mpishi wetu, alisimama akimtazama, akasema, "Kumbe tulikuwa tunamnyima chakula huku tunampakulia."

Watu wanaokaa hapa ni kumi na mmoja, wote wazima wa umri, na wafanyakazi tuko watatu pamoja na Kageha. Hatutoshi, na sitaki kukuficha. Mwezi huu alikuja daktari mgeni kuwaangalia. Alikaa na Protus muda mrefu bila kumgusa, akaniambia kwamba siku hizi kwao hali hii ina jina. Nimeliandika nilivyolisikia: otizimu. Alisema wengi wanadhani ni jambo la watoto tu, kana kwamba watoto hao hawakui. Dawa hakutoa. Alisema tujue anachopenda na kinachomuumiza, na tusibadilishe mambo yake ghafla. Nikamwonyesha barua yako. Aliisoma mara mbili akasema hana la kuongeza.

Sasa mazuri. Tuna kitalu cha miche, na mbegu tunapewa na watu wa msitu kule Isecheno. Protus anajaza udongo kwenye mikebe. Hakuna mtu aliyemfundisha. Alimtazama mwenzake, akasogea, akaanza. Mikebe yake yote imejaa sawasawa, na ukiusogeza mmoja kutoka kwenye mstari anaungoja mgongo wako ugeuke, anaurudisha. Tangu aanze kazi hiyo analala kitandani.

Mimi binti yako,
Jepchirchir


Mautuma,
16 Aprili 1967

Binti yangu Jepchirchir,

Mulembe sana. Hali yako? Na Kageha? Mvua imekuja na nimepanda mahindi ekari mbili kwa msaada wa watu wa kanisa. Goti linavumilia.

Barua yako nilisomewa na mwalimu mara ya kwanza, halafu nikaisoma mwenyewe polepole, kwa sababu sehemu ya kitalu mwalimu aliipita haraka. Alipokuwa mdogo nilikuwa nampiga kwa ajili ya hiyo tabia ya kupanga vitu. Alikuwa anapanga vijiko vyangu, vijiti, hata maharagwe. Niliambiwa nikimpiga ataacha. Hakuacha, na mimi ndiye niliyechoka. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili.

Nitumie habari ya miche, imeota au bado.

Mama yako,
Mama Protus


Kakamega,
5 Juni 1967

Mama,

Chamgei. Natumaini u mzima na mahindi yamesimama vizuri. Miche imeota. Barua hii nimeianza mara tatu.

Siku ya Madaraka, Mzee Patroba alialika wageni waje kuiona nyumba yetu. Aliwapangia wimbo, hotuba na bendi ya shule. Nilimwambia mapema kwamba Protus hataweza bendi, nikamwomba nimpeleke mtoni mpaka wageni waondoke. Akasema wageni wanataka kuona watu wote. Asubuhi ile akanituma mjini kuchukua mikate.

Ngoma zilipoanza, Protus aliuma mkono, kisha akakimbia akamgonga mgeni mmoja, mama wa heshima, na mama huyo akaanguka pamoja na kiti. Mzee Patroba akamshika Protus na kumfungia katika stoo ya mahindi. Kageha alimwomba afungue. Alimjibu, "Wageni wakiondoka." Niliporudi na mikate saa sita, Kageha alikuwa analia jikoni, na niliusikia mlango wa stoo kabla ya kuufikia. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa msimamizi, naye alikuwa anahutubia. Nilienda mbele ya wageni nikanyoosha mkono, nikamwambia, "Ufunguo, mzee." Akanipa kwa sababu watu wote walikuwa wanatazama.

Protus alikuwa ameumia kipaji cha uso kwa kujigonga mlangoni. Kidonda si kirefu na nimekiosha, kinapona. Lakini alikaa ndani ya stoo ile kwa muda wa karibu saa tatu, gizani. Sasa amerudi kulala nyuma ya mlango na hajagusa mikebe.

Mzee Patroba si mtu mkatili, nimefanya kazi naye miaka miwili. Amesema jambo hili liishie hapa kwetu, na akasema pia kwamba mfanyakazi anayepeleka habari nje anaweza kutafuta kazi mahali pengine. Nimemwambia nitakuandikia. Ulisema ukisikia haya utakuja kumchukua, na ukija sitakuzuia. Nitakufungia nguo zake mwenyewe.

Nisamehe kwamba nilienda kuchukua mikate.

Binti yako,
Jepchirchir


Mautuma,
17 Septemba 1967

Kwa Jepchirchir, binti yangu, kwenu Kapsabet.

Mulembe. Natumaini mama yako anapata nafuu. Kageha aliniambia umeenda kumwuguza na akanipa anwani ya kwenu. Nami nimerudi jana kutoka Kakamega, mzima.

Najua umengoja jibu miezi mitatu. Sikunyamaza kwa sababu nimekukasirikia. Nilikuwa nimekasirika mpaka kalamu haishikiki, na goti lilivimba nisiweze kufika hata barabarani. Wiki iliyopita liliponiruhusu nilipanda basi pale Turbo. Nilibeba suruali yake ya safari na shati. Sikuarifu mtu, maana nilitaka kuwakuta mlivyo.

Nilifika wakati wanapika. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa Mzee Patroba. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, lakini alianza yeye. Akasema, "Mama Protus, nilimfungia mwanao stoo. Niliona aibu mbele ya wageni. Jepchirchir aliniambia mapema, sikusikia." Alisimama mbele yangu kama mtoto wa shule aliyekosa. Nikamwambia akae, kwa sababu siwezi kumgombeza vizuri mtu aliyesimama hivyo. Akakaa, nikamgombeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanipeleka kwenye ile stoo. Mlango ameung'oa, ameufanya meza ya kitalu. Nikamwuliza mahindi wanaweka wapi. Akasema mahindi yanaibwa kidogo, lakini atavumilia.

Nikamwuliza kama amekufukuza. Akasema, "Nikimfukuza yeye, nani ataniambia?"

Basi nikaenda kwa Protus. Alikuwa kwenye mikebe. Kovu nililiona. Nilikuwa nimejiandaa kwamba atanikimbilia, au atakataa kunitazama. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua mfuko wangu, akaupeleka kwenye benchi ambapo mnaweka mizigo ya wageni, akaupanga sawasawa na ukingo, akarudi kazini. Nikakaa karibu naye nikimpokeza udongo. Tulifanya kazi hivyo mpaka Kageha akatuita. Alizunguka ua, nami nikamfuata nyuma, goti na yote.

Nilikaa siku mbili kwa sababu nilitaka kuona, si kuambiwa. Niliona Kageha akitenga mboga bila kukumbushwa. Nikaona mzee mmoja kipofu anayekaa hapo akiogeshwa taratibu na maji ya moto. Niliona pia shuka zilizochakaa, na jamaa mmoja akikaa na kaptura iliyolowa muda mrefu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumbadilisha. Hilo nimemwambia msimamizi nalo.

Siku ya tatu nikatoa ile suruali ya safari. Nikamwambia, "Protus, twende nyumbani."

Akasema, "Twende nyumbani." Akanishika mkono wa gauni, yeye ambaye hashiki mtu, akanivuta. Nikadhani tunaelekea langoni. Tukapita jikoni, tukapita kitalu, akaniingiza katika chumba chao, akaniketisha kwenye kitanda chake. Akakaa pembeni yangu. Blanketi lilikuwa limekunjwa, viatu viko chini ya kitanda vimeelekea ukutani. Alionyesha kuridhika kabisa, kama mtu aliyemfikisha mgeni.

Nililia kidogo, binti yangu, si sana. Nilikuwa nimekuja na nguo zake za safari na nimerudi nazo.

Ukweli ulionipa ulikuwa mzito, na nakushukuru kwa kuniandikia. Ungenificha, ningeliona kovu lile na nisingeamini kitu kingine chochote hapo.

Mama yako,
Selpher Ayuma


Kakamega,
29 Oktoba 1967

Mama yangu Selpher,

Chamgei. Mama yangu kule Kapsabet ameanza kutembea na anakusalimu. Barua yako nilimsomea. Alitaka kujua wewe ni mtu wa aina gani, nikamwambia wewe ni mtu wa goti baya anayefika anapotaka kufika.

Nilirudi kazini nikakuta mambo mawili. La kwanza, tumeongezewa mfanyakazi, kijana wa Khwisero anaitwa Phineas. Protus anamtazama sana anapoongea, labda kwa sababu anaongea kama watu wa kwenu kule. La pili, Mzee Patroba ameninunulia daftari kubwa. Anataka niandikie kila jamaa ya watu walioko hapa, niwaulize yale ambayo wewe uliyaandika bila kuulizwa. Mtu anakula nini, anaogopa nini, tusimshike wapi. Ukurasa wa kwanza nimenakili barua yako ya Februari neno kwa neno. Phineas ameusoma kabla ya kukabidhiwa funguo za jikoni. Majibu ya jamaa wengine yameanza kuja. Dada mmoja ameandika kurasa nne. Kaka mmoja ameandika kwamba hajui, na kwamba anaona haya kutojua, na atakuja kukaa siku mbili ajifunze.

Protus analala kitandani tena. Ilichukua muda.

Tunafikiri kumleta kwako Krismasi kwa siku tano, nami niwe naye. Tumeanza kumwambia sasa, kila asubuhi, ili isiwe ghafla.

Binti yako,
Jepchirchir


Mautuma,
7 Januari 1968

Binti yangu,

Mulembe wewe na Mzee Patroba, Kageha, Phineas na wote. Natumaini mlifika salama na basi halikuwatesa. Sisi huku ni wazima.

Tangu mwondoke majirani wananiuliza kwa nini sikumzuia mtoto, maana alionekana ametulia. Nawaambia alitulia kwa sababu alijua anarudi. Wengine wanaelewa na wengine wanatikisa kichwa, na mimi naendelea na kazi.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa. Siku ya tatu, wakati wewe na Protus mlikuwa mnapukuchua mahindi uani, mimi nilienda kuchimba viazi kule chini. Nilichimba mpaka nikamaliza mistari yote. Nilipoinuka nikagundua kwamba sikuwa nimegeuka hata mara moja kutazama kama bado yuko. Tangu ajue kutembea sijawahi kufanya kazi hivyo. Nilikaa hapo chini kwenye udongo kidogo, nikiwasikia mnavyopukuchua.

Baada ya basi lenu kuondoka nilirudi nyumbani, nikapika, nikala, nikalala mpaka kukapambazuka.

Nimetuma shuka nne na huyu mwanamke wa kanisa anayekuja Kakamega. Mbili ni za yule jamaa wa kaptura. Aprili, mvua ikiruhusu, nitakuja mwenyewe.

Mama yenu,
Selpher Ayuma