Pale Pumzi Ilipoishia

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kliniki ya moyo, Meru mjini. Mwezi wa tatu tangu nipatwe na mshtuko wa moyo. Nilijisifu kwa Ikran, yule binti anayetusimamia mazoezi, kwamba karatasi inaonyesha kolesteroli nzuri ninayo tele. Akanikata maini. Kuwa nayo si hoja, alisema, hoja ni kama inafanya kazi yake ya kuzoa mafuta mishipani. Yangu imelala. Nilikuwa karani wa kiwanda cha kahawa Githongo miaka thelathini na moja, namjua kibarua wa aina hiyo — jina liko kwenye orodha, gunia habebi.

Dawa nimeze, na kila siku nitembee. Mazoezi huenda yakaiamsha. Huenda! Nisihesabu hatua, nisikilize pumzi. Ikipungua nisimame, niweke alama, wiki ijayo niipite. Na niandike. Haya, naandika.

Jumatano, 5 Machi

Nilipanda kutoka nyumbani katikati ya kahawa kuelekea barabarani. Si mbali. Pumzi ikaisha. Nikaweka jiwe, nikalipaka chokaa. Wanangu walinitazama, Munene akiwa juu kwa lami, Nyamu akiwa huku chini zizini. Hakuna aliyeuliza kitu.

Jumanne, 11 Machi

Nimelifikia bila kuhema! Nimelipita kidogo, nikalisogeza. Angekuwepo marehemu mke wangu Kajuju ningemwambia. Angecheka, mzee mzima kushangilia jiwe.

Jumapili, 16 Machi

Sikulifikia. Wiki hii hii nililigusa, leo nimeliona tu kwa mbali. Nikakaa kwenye matope na suti ya kanisa.

Jumatano, 19 Machi

Sikulifikia tena.

Basi ninakufa. Nimeifuta sentensi hiyo, nimeiandika tena. Ikran alipiga simu, nikamwambia naendelea vizuri. Sijui kwa nini nilimdanganya. Aibu, nadhani.

Ijumaa, 21 Machi

Kelele kwenye kahawa asubuhi. Nikatoka. Munene na Nyamu, jiwe langu katikati yao, na panga mkononi mwa kila mmoja.

Kumbe! Huku kwetu mzee wa umri wangu akionekana anapanda shamba lake akiweka mawe, ana jambo moja tu: anawagawia watoto. Walikuwa wameshagawana kimyakimya. Juu ya jiwe hadi lami ni kwa Munene, chini ni kwa Nyamu. Na Nyamu amekuwa akilipandisha alfajiri. Munene amehesabu mistari sita ya kahawa. Nyamu hakukana.

Mistari sita! Kwa hiyo sikuwa narudi nyuma. Nilikuwa nimekwenda mbali kuliko siku zote, huku nikijililia. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Nikalia mbele yao.

"Hilo si jiwe la mpaka," nikawaambia. "Hapo ndipo pumzi yangu iliishia."

Munene akashusha panga. "Sawa, Baba. Na kesho itaishia wapi?"

Jumamosi, 22 Machi

Wamepatana. Jambo la kwanza kupatana tangu tumzike mama yao. Nitembee, wao wanifuate nyuma na kamba. Nitakaposimama, hapo ndipo mpaka.

Nimewaambia sigawi shamba, niko hai. Wakasema sawa, Baba, wewe tembea tu kama kawaida. Nyamu hata akanikumbusha maneno ya kliniki, kwamba nisiruke siku. Nisipotembea mishipa inaziba. Nikitembea wananipima. Miaka yote nimepima kahawa ya watu!

Mwanangu mmoja ananiombea pumzi ndefu, na anachotaka ni mistari ya kahawa. Anachoombea yule mwingine sitaki kukiandika. Nimewalea mimi hawa. Nimechoka.

Saa mbili asubuhi sasa. Wananingoja nje. Nimefunga kamba za viatu vyangu vya raba, nimezifungua, nimezifunga. Kifua hakiumi. Nyamu ameniletea chupa ya maji, ameshanifungulia kifuniko.

Munene ameniletea kiti. Hakukileta hapa mlangoni. Amekipandisha shambani, amekiweka kwenye kivuli, mstari wa nne tu kutoka nyumbani, na anakipangusa umande kwa mkono wa shati lake.