Maua Uliyoyaona Jumapili Tu

Kwako Baba yangu mpendwa,

Mwaka huu nimekupita umri. Ni ajabu mtoto kumzidi baba yake miaka, na tangu nilipofanya hesabu hiyo sikukumbuki tena kama mzee. Nakukumbuka kama mwanamume mwenye nguvu zake, shati limelowa jasho mgongoni, ukirudi kutoka kwenye kahawa na jembe begani. Kuna jambo nilipaswa kukuambia tulipokuwa bado Ruiru. Sikulisema. Naliandika sasa.

Unakikumbuka kile kishamba nyuma ya nyumba yetu, kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba? Wenzako walipanda mboga na vitunguu mpaka ukutani. Wewe uliacha pembe moja, hatua nne kwa tatu, ya maua ambayo hakuna aliyeyajua jina. Majirani walikucheka: wiki nzima unalipwa kung'oa magugu ya mzungu, kisha ukifika kwako unayapanda. Nawe ulicheka pamoja nao, wala hukuwaeleza neno.

Yalikuwa maua ya msimu mmoja. Mvua ikija yanaota, mvua ikiisha yanakufa, na usipoweka mbegu ndio mwisho wake. Uliziweka kwenye kopo la ugoro, umezichanganya na majivu. Mvua za Machi zikikaribia ulizisugua taratibu kati ya mawe mawili, maana ganda lake ni gumu, kisha ukaziloweka. Na kwa kuwa udongo wetu mwekundu haukuzipenda, ulikwenda kwa baiskeli mpaka tambarare za Juja kuleta gunia la udongo mweusi. Mama alinung'unika, "Mtu anabeba matope kama anabeba sukari!"

Ua lenyewe lilikuwa na rangi ya maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana, na katikati jicho la rangi ya damu ya mzee. Lilifunguka jua likishapanda, na kufikia adhuhuri lilikuwa limejifunga, halifunguki tena. Saa hizo wewe ulikuwa kazini. Kwa hiyo uliyaona Jumapili tu, kabla ya kanisa, umechuchumaa na suruali yako safi, Mama anakuita mara tatu.

Siku nyingine uliyaona kwa macho yangu. Shule ilikuwa karibu, na saa nne tulipopewa mapumziko nilikimbia nyumbani kuyahesabu. Jioni, hata kabla hujaweka jembe chini, uliuliza, "Maitu, leo yamefunguka mangapi?" Uliniita Maitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako. Nikikujibu, "Kumi na saba!" uso wako ulilegea, uchovu wote ukakutoka.

Kisha mwalimu wetu akatangaza kwamba Jumamosi atapita majumbani kutazama bustani, na bustani nadhifu kuliko zote itapata zawadi. Akatugawia miche ya maua ya kizungu, ya rangi ya machungwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Msichana mmoja wa darasani alisema mbele ya wenzetu, "Kwa kina Wambui watapanda wapi? Kwao kumejaa magugu." Walicheka, nami nikaona haya mpaka masikioni.

Ijumaa mchana nilirudi nyumbani peke yangu. Maua yalikuwa yameshajifunga, nikajiambia hayana tofauti na majani mengine yoyote. Niliyang'oa yote, Baba. Vile vifuko vyake vya mbegu, vilivyovimba kama vipovu, vilikuwa bado vibichi. Nilibeba kila kitu nikawatupia mbuzi, kisha nikapanda miche ya mwalimu kwa mstari ulionyooka. Wala siwezi kusema sikujua. Nilijua kopo la ugoro lilikuwa tupu, kwa sababu mwaka ule mvua zilikuja vizuri nawe ukapanda mbegu zote. Mimi ndiye niliyekushikia kopo.

Jioni ukaja na swali lako lile lile. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Sijui, Baba."

Ukazunguka nyumba. Nilikufuata. Ulisimama, ukavua kofia, kisha ukaenda kwenye zizi la mbuzi ukainama, ukapekua samadi kwa mkono.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza, Baba."

"Haya." Ukajifuta mkono kwenye suruali. "Hayo ya mwalimu yamependeza, Wambui."

Hukunipiga, hukupaza sauti. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina, na tangu jioni hiyo hukuniita tena lile lingine. Bustani yetu ilishinda. Nilipewa kitambaa cha gauni, Mama akakishona, nami nikalivaa kanisani nikiwa nimekaa karibu nawe.

Mama ndiye aliyenieleza, miaka miwili baadaye, tukichuma kahawa. Kabla sijazaliwa mlifanya kazi kwenye shamba la mkonge ng'ambo ya Thika, mkapata mtoto wa kiume, Kamau, naye akafa kwa surua akiwa na miaka mitatu. Mlimzika pembeni mwa shamba. Mvua zilizofuata, maua yale yakaota yenyewe juu ya udongo uliochimbwa. Mwaka mwingine trekta likalima pale ili mkonge upandwe. "Baba yako aliwahi kuchukua mbegu," Mama alisema. "Hatukuwa na kitu kingine cha mtoto yule." Akaendelea kuchuma.

Nilitaka kwenda kuzitafuta mbegu zake siku hiyo hiyo. Lakini ilikuwa Hali ya Hatari ya wakati wa mkoloni, na bila kibali mtu hakuweza kufika hata Juja. Vizuizi vilipolegea nilikwenda, nikatembea tambarare za Juja, kwenye udongo ule mweusi, kutwa nzima. Nilimkuta mama mmoja akikata nyasi, nikamweleza lile ua. Alinitazama kwa huruma. "Binti, hayo huja na mvua. Na sasa ni kiangazi. Kwani yanaponya ugonjwa gani?"

Nilipanga kurudi mvua zikinyesha. Zilinyesha, nami nikawa na mtihani. Msimu wa mvua wa mwaka uliofuata, kifua chako kilikuwa kimeshabana, na mimi ndiye niliyekupeleka hospitali ya Thika. Tulipanda gari la moshi asubuhi. Uliegemea bega langu, mwepesi kama mtoto. Nilikuwa na njia nzima ya kusema, na abiria wenzetu walikuwa wachache. Nikazungumza habari za chuo cha ualimu, na bei ya viatu, na mvua iliyochelewa. Tulipokaribia kufika uliniinulia macho.

"Una neno unataka kuniambia?"

"Hapana, Baba. Pumzika."

Uliishi siku tisa zaidi, na kila siku kulikuwa na watu kando ya kitanda.

Basi neno lenyewe ni hili. Sikuyang'oa kwa kutojua. Nilijua unayapenda kuliko kitu chochote kilichoota kwenye ardhi ile, nami niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kukuumiza. Uliponiuliza kwenye gari la moshi, nadhani ulikuwa umeshanisamehe, ukanifungulia mlango nipite. Nikaufunga.

Lala salama, Baba. Msalimie kaka yangu ambaye sikumwona.

Ni mimi, binti yako,
Wambui